Meno ya Marehemu

Saa sita kamili mchana, mbele ya abiria wapatao mia mbili na mbuzi mmoja aliyekuwa akisafiri kihalali, kwa tiketi yake, meno ya mtangazaji wa stendi ya mabasi yalitoka kinywani na kutua juu ya kipaza sauti. Mashahidi wote wanakubaliana juu ya mpangilio wa matukio. Kwanza mtangazaji alisema, "Basi la saa si..." Kisha spika zote nane zikatoa mlio wa kitu kigumu kikigonga chuma. Kisha kimya. Kisha, kutoka spika hizohizo nane, sauti ya mwanamke asiye na meno matatu ya mbele ikanong'ona, "Mungu wangu," maneno ambayo hayakuwa kwenye ratiba.

Wapagazi walicheka mpaka mmoja akaangusha godoro la watu. Msimamizi wa stendi, bwana mfupi ambaye hata kuomba chumvi aliomba kama anatoa amri, alimwita mtangazaji ofisini na kufunga mlango.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Nina ugomvi na kinywa chako."

"Nimekuelewa, bwana mkubwa."

"Mara ya kwanza ulisema 'thaa thaba', nikanyamaza. Mara ya pili yalidondokea kwenye chai, nikanyamaza, chai yenyewe ilikuwa yako. Leo yamedondoka hewani. Ijumaa saa tisa wanakuja watu wa makao makuu. Utasoma ratiba nzima mbele yao. Ukisoma sawasawa, miaka yako minne ya ukibarua imekwisha, unaajiriwa. Usiposoma, yuko binti ana meno yake yote thelathini na mawili."

"Umeyahesabu?"

"Toka, mama."

Alitoka. Ilikuwa Jumanne. Kilichomnyima hata raha ya kulia ni kwamba mume wake mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi wa meno ya bandia.

*

Karakana ya fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kulikuwa na meza yenye taa ya shingo ndefu, sufuria ya kuchemshia plastiki, na kuta tatu za rafu. Rafuni vilipangwa vinywa vya plasta, mamia yake, vyote wazi, vyote vikikenua. Karibu nusu ya wenyewe walikwishafariki, lakini vinywa vyao viliendelea kucheka bila kukoma, na mteja mpya alipoingia vilimkabili vyote kwa pamoja kama darasa lililomwona mwalimu mgeni. Fundi hakuwahi kutupa hata kimoja. Alisema kaakaa la mtu halibadiliki, na siku mteja akitaka meno mengine, kazi nusu iko tayari.

"Ni plastiki," alisema fundi, mkewe alipomaliza kumweleza mkasa. Aliyageuza yale meno chini ya taa. "Plastiki ukiichemsha husinyaa inapopoa. Halafu mdomoni hunywa maji, inavimba. Haikai na msimamo."

"Mwaka juzi ulisema hivyohivyo."

"Mwaka juzi ilikuwa plastiki ya mwaka juzi."

"Umeikwangua. Umeijaza. Umeikwangua tena. Mara nne, mume wangu. Hata kiatu cha mtumba hakitengenezwi mara nne."

"Nitakutengenezea ya plastiki laini. Ile inayopinda. Kesho asubuhi iko tayari."

Akanyoosha mkono rafuni bila kutazama, akachukua kinywa cha mkewe, cha plasta nyeupe, kama alivyofanya mara zote nne.

Ifahamike kwamba miaka sita nyuma nyumba hii ilipoteza meno sita ndani ya mwezi mmoja, matatu ya mama mzazi wa fundi na matatu ya mke wa fundi, yote ya juu, yote ya mbele, kwenye kidato kilekile cha kushukia jikoni. Fundi alikirekebisha kidato hicho kwa uhodari mkubwa baada ya meno kuisha. Kisha aliwaketisha wote wawili siku moja, akawachukua alama za vinywa, na kuwatengenezea. Mama yake alipata fremu ya chuma, yenye vibano vyembamba vya kushika meno ya jirani, kwa sababu alikuwa mama. Mke alipata plastiki, kwa sababu alikuwa mke.

Mama alikwishafariki sasa, miezi mitatu iliyopita. Hospitali ilirudisha miwani, khanga mbili na meno ndani ya bahasha. Miwani na khanga alichukua binti yake, dada wa fundi. Meno hakuyataka mtu. Yaliwekwa kwenye glasi ya maji, dirishani, katika chumba cha marehemu, na mlango ukafungwa.

*

Jumatano, plastiki laini ilikuwa tayari, na asubuhi hiyohiyo ilipinda kwa utiifu kila mkewe aliposema S, hivyo akatema mate juu ya shati la fundi. Akaivua, akaifunga kwenye karatasi, akaenda kazini kusoma ratiba huku kiganja kikiwa mbele ya mdomo.

Mchana fundi alikuwa peke yake karakanani, akichonga nta, jua likiwa kali nje na mtaa umetulia. Ndipo aliposikia sauti, tak.

Aliinua kichwa. Aliijua sauti ile kuliko alivyoujua mlio wa simu yake. Kwa miaka sita, kila alipoingia chumbani kwa mama yake, alisikia kwanza tak, fremu ya chuma ikiketi mahali pake, kisha mama akisema, "Pita, mwanangu."

Safari hii hakuna aliyesema pita. Kulikuwa na mnong'ono tu, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti ya mwanamke ikisema kitu chenye S nyingi, taratibu, kama anayejifunza upya. Fundi, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mjumbe wa kamati ya maji ya mtaa, alikaa na kisu cha nta mkononi na hakusogea. Akasikia tak nyingine. Kisha kimya.

Alipopata miguu yake, alienda akafungua. Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda kimetandikwa. Glasi iko dirishani, meno ndani. Lakini maji yalikuwa bado yanacheza, na fundi alipotia vidole na kuitoa ile fremu, chuma kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, kwa sababu dirisha lilitazama kivulini. Lilikuwa joto la kinywa.

*

Dada yake alikuja Alhamisi mchana, maana alikuwa na kipaji cha kufika panaponuka jambo.

"Mama hajatulia," alisema baada ya kusikiliza. Aliketi kwenye kiti cha wateja, miwani ya marehemu puani. "Na mimi najua kwa nini. Ana njaa."

"Dada, tafadhali."

"Tafadhali nini? Miaka sita mama yangu anakula uji katika nyumba hii. Mtu ana meno ya chuma, anakula uji. Nilimwambia mkeo mbele yako, wifi, chakula chako kigumu, unataka kumuua mama. Akaniangalia hivi, kimya."

"Mama alikuwa na kisirani tu. Hakupenda kukaa mezani na sisi."

"Hakupenda kukaa na nani? Sema jina."

 Ndani, nyuma ya ule mlango, kitu kililia tak.

Dada alivua miwani, kana kwamba asipoona hatasikia. Mnong'ono ulianza. Sasa ulisikika vizuri zaidi, na maneno yake yalikuwa haya: "Basi la saa saba na nusu. Saa saba. Saa saba na nusu, sehemu ya saba."

"Mama hajawahi kupanda basi la saa saba," dada alinong'ona. Lilikuwa jambo la kwanza la akili alilosema siku hiyo.

Fundi alifungua mlango. Mkewe alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha marehemu, bado na sare ya stendi, kioo kidogo mkononi. Alikuwa akiingia na kutoka kwa mlango wa nyuma wa chumba hicho, saa ya mapumziko. Alitabasamu kwa hofu, na lililofanya ngozi ya fundi isisimke ni tabasamu lenyewe. Meno ya mama yake yalikuwa yamejipanga katika uso wa mkewe, bila ufa, bila kupinda, kama yaliyoota hapo.

"Wifi, umevaa meno ya maiti," alisema dada.

"Najua nilichovaa."

"Yatoe."

"Subiri." Akamgeukia mumewe. S zake zilikuwa safi kama za mtoto anayesoma kwa sauti. "Jumanne nilikuja kulia humu, kwa sababu ni chumba pekee chenye ufunguo. Nikayaona. Nikasema nijaribu tu, nione chuma kinafananaje mdomoni. Yakaingia. Sikuyasukuma. Yaliingia kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chako mwenyewe gizani. Nimeyatafuta yanapobana, sijapapata. Hayaniumi popote. Hilo ndilo linanitisha." Alikilaza kioo kitandani. "Mama anataka nini kwangu? Mbona hakunipenda akiwa hai?"

Dada alianza kuomba dua kwa sauti ya chini. Fundi hakuomba. Rangi ilikuwa imemtoka, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Katika maisha yake alikuwa ameamini mambo mengi yasiyo na uthibitisho, ikiwemo ahadi za kamati ya maji, ila jambo moja alilijua. Plastiki unaweza kuibembeleza. Unaikwangua hapa, unaijaza pale, mpaka ikae popote. Chuma kikishamiminwa kinakaa kwenye kinywa kimoja tu duniani.

"Njoo karakanani," alisema. "Uketi kwenye kiti."

*

Alikoroga unga wa alama kwa maji ya baridi, akaujaza kwenye trei, akamwambia mkewe avue meno na afungue kinywa. Aliishika trei kaakaani mwake huku akihesabu kimoyomoyo. Mate yalimtiririka mkewe kidevuni, na dada, ambaye hakuwahi kumfanyia wema mbele ya watu, alimfuta kwa ncha ya khanga.

Fundi alimimina plasta mara moja, kwa sababu alama ikiachwa hewani hata robo saa hukauka na kunywea. Wakasubiri. Hakuna aliyetaka chai. Vinywa vya rafuni viliwatazama.

Plasta ilipokuwa ngumu, aliitoa, akaiweka kwenye mwanga. Nyuma ya meno ya mbele, kila kaakaa lina mikunjo midogo, na haifanani kati ya mtu na mtu, hata mtu na mzazi wake. Mikunjo ya mkewe ilikuwa mitano, wa tatu ukigawanyika mwishoni kama njia panda. Aliishusha fremu ya mama yake juu ya plasta ile mpya, na ikaketi, ikasema tak.

Kisha akatoa rafuni vile vinywa viwili vya miaka sita. Kimoja cha plasta ya njano, ngumu, ya kufanyia chuma. Kimoja cha plasta nyeupe, ya kawaida, ya kufanyia plastiki. Havikuwa na majina. Vya wateja aliviandika majina kwa penseli, lakini hivi viwili aliona ni ujinga kuviandika. Mama yangu na mke wangu, mmoja njano, mmoja nyeupe, nisahau vipi?

Alivigeuza kwenye taa. Cha njano kilikuwa na mikunjo mitano, wa tatu umegawanyika. Cheupe kilikuwa na mikunjo mitatu tu, mirefu, na kaakaa jembamba lenye kina, ambalo hakuwahi kulitazama.

Akakumbuka siku ile. Trei mbili za saizi moja chini ya kitambaa kimoja kibichi. Mteja mlangoni akipiga kelele. Alama zikianza kukauka. Mkono wake ukachota plasta ya njano na kuijaza kwenye trei iliyokuwa karibu.

"Yako," alimwambia mkewe. Akaonyesha fremu kwa kidole. "Fremu ni yako. Tangu siku ya kwanza. Hii nyeupe ndiyo ya mama. Miaka sita nimekutengenezea meno ya mama, na nimelaumu plastiki."

"Na mama?" aliuliza dada. "Yeye alivaaje?"

Fundi aligusa vibano vya fremu kwa ncha ya kidole.

Aliyejibu ni mke. "Hakuvaa. Aliyafunga kwenye leso, chini ya mto. Akisikia viatu vyako, anayaingiza, anayasukuma kwa dole gumba. Ukitoka, anayatoa. Ufizi ulikuwa na kidonda hapa na hapa." Aligusa shavu lake mara mbili. "Nilimkuta siku moja anasuuza damu. Nikasema nitamwambia fundi. Akanishika mkono, akasema ukimwambia, mwanangu ataona aibu, kazi yenyewe amejitahidi. Akaniapisha."

"Nilimuuliza," fundi alisema. "Kila mwezi nilimuuliza."

"Ulimuulizia mlangoni."

Dada alikuwa akiisafisha miwani ya mama yake kwa nguvu, ingawa haikuwa na vumbi. "Mimi nilimwambia azoee," alisema. "Nilimwambia, mama, meno ya gharama namna hii, zoea tu. Na wewe nikakuambia unamuua na vyakula vyako."

"Uliniambia mbele ya wageni, wifi."

"Nilikuambia mbele ya wageni."

 Baadaye mke aliichukua fremu kutoka kwenye plasta, akaishika kwa ncha za vidole. Kabla ya plasta alikuwa na hofu ya mzimu, na mzimu ni mtu wa kuombewa. Sasa alikuwa ameshika kitu chake mwenyewe, na aliyekuwa amekivaa badala yake alikuwa ametokwa damu kwa kukivaa. Hilo halina dua inayojulikana.

"Ukipeleka alama leo kwa watu wa chuma, wanaokumiminia fremu, itarudi lini?" aliuliza.

"Wiki mbili."

"Na kesho ni Ijumaa."

"Sijui nikuambie nini, mke wangu. Usipovaa, nitaelewa. Ukivaa..."

"Sijakuuliza ruhusa," alisema. "Nimeuliza siku." Akaenda kuipiga mswaki.

*

Ijumaa saa tisa, watu watatu wa makao makuu waliketi katika kibanda cha matangazo kinachotosha mtu mmoja na nusu. Wapagazi walikuwa wamekusanyika chini ya spika, wakiwa na matumaini yasiyofaa. Fundi alisimama nyuma yao kama abiria.

Msimamizi, ambaye alikuwa na chuki lakini si mvivu, aliandika tangazo lake mwenyewe na kumpa.

Mtangazaji alilitazama, akawasha kipaza. "Basi la kesho saa saba na nusu kwenda kusini limesogezwa sehemu ya sita," alisema kwa spika nane. "Wasafiri wasisahau sanduku, soksi, wala simu siti za nyuma. Stendi inasikitika kwa usumbufu."

Haikudondoka S hata moja. Sauti ilipita juu ya mabati, juu ya mikokoteni, tulivu, ya mtu aliyekaa nyumbani kwake. Aliendelea na ratiba nzima, dakika kumi na nne. Fundi alisikiliza yote. Alikuwa amezoea kusikiliza kazi zake kwa fahari, akingoja S kama mwashi anayegonga ukuta wake. Leo kila moja ilipotoka sawasawa, alishika shavu lake mwenyewe, upande wa kulia, kisha wa kushoto.

"Ameanza lini kuongea vizuri hivi?" mpagazi mmoja alimuuliza mwenzake kwa masikitiko.

"Labda wamemfungia kwa misumari."

Kibandani, bibi wa makao makuu aligonga mhuri kwenye karatasi na kusema ndiyo sauti waliyokuwa wakiitafuta. Msimamizi alisema hata yeye daima aliiamini.

*

Mke alirudi nyumbani kabla ya jua kuzama, barua ya ajira ndani ya mkoba. Karakanani alimkuta mumewe ameinamia meza. Mbele yake kulikuwa na kinywa kipya cha plasta ya njano. Alidhani ni chake, mpaka alipoona kaakaa jembamba lenye kina na mikunjo mitatu mirefu. Fundi alikuwa amekinakili kile cheupe. Juu yake alikuwa amechora kwa penseli, mstari mwembamba sana, njia fremu itakayopita, mbali na ufizi pale kulia na pale kushoto.

"Nimeajiriwa," alisema.

"Nilisikia. Nilikuwepo."

"Hiyo ya nani?"

 Fundi aligeuza plasta, akamwonyesha chini. Safari hii alikuwa ameandika jina, majina yote matatu ya marehemu, kwa herufi za kuchapa. Pembeni ilikuwa fomu ya watu wa chuma, imejazwa nusu. Aina ya kazi, fremu ya juu, meno matatu. Jinsia, mwanamke. Umri, miaka sabini na minane. Kalamu ilikuwa imesimama kwenye mstari wa siku ya kujaribu mdomoni, na palikuwa na nukta nzito ya wino, dalili kwamba ilisimama hapo muda mrefu.

Mke alivuta kiti cha wateja, akaketi. Alitazama ile fomu kama anavyotazama ratiba yenye kasoro. Angeweza kusema mambo kadhaa, na yote yangekuwa ya busara.

"Andika Jumapili asubuhi, wiki tatu kutoka sasa," alisema. "Jumapili huwa tunakwenda kule kaburini. Na usimuulize, mume wangu. Mwangalie."

Fundi akaandika Jumapili, saa nne. Kisha, kwenye nafasi ya maelezo ya ziada, ambayo mafundi karibu wote huiacha wazi, akaandika kwa mkono uliotulia: *Mgonjwa hana tabia ya kulalamika. Akaguliwe.*